Farasi Kukimbizwa Kabla Hajakomaa: Maswali na Majibu ya Marudio

Kwa wanafunzi wa mifugo wa Mulongwe wanaojiandaa kwa mtihani wa Dola

1. Hapa Uvira hatuna farasi. Kwa nini tuulizwe habari zake?

Ni kweli, kijana wa Mulongwe anaweza kumaliza sekondari na farasi hajamwona ila kwenye simu. Nagana inayoenezwa na mbung'o, na ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoenezwa na usubi, humwua mnyama huyu upesi, na uwanda wa Ruzizi umebaki nchi ya ng'ombe na mbuzi. Lakini swali hili linahusu mfupa unaokua, na mfupa wa ndama wa Sange hukua kwa kanuni zile zile. Mkitakiwa mfano wa Afrika Mashariki, tajeni uwanja wa Ngong jijini Nairobi, unaosimamiwa na Jockey Club of Kenya. Mbio zilihamia hapo mwaka 1954.

2. Wakisema farasi wa miaka miwili, ana umri gani hasa?

Angalieni sana hapa, maana wengi hupoteza alama. Katika nchi za kaskazini ya ikweta, farasi wote wa damu ya mbio wanaongezewa mwaka tarehe 1 Januari, hata awe amezaliwa mwezi gani. Katika nchi kadhaa za kusini ya dunia tarehe yao ni 1 Agosti. Aliyezaliwa Mei 2023 aliitwa wa miaka miwili tarehe 1 Januari 2025, na hapo alikuwa hajatimiza miezi ishirini.

Wafugaji wanaijua hesabu hiyo. Ndiyo maana wanawawashia majike taa bandani tangu mwezi wa kumi na mbili, mpaka mwanga wa siku ufikie saa kumi na sita, ili joto liwahi, mimba ya miezi kumi na moja iwahi, na mtoto azaliwe karibu na Januari. Derby ya Kenya, kama ile ya Uingereza iliyoipa jina, ni ya farasi wa miaka mitatu. Atakayeikimbia inabidi azoeshwe tandiko na lijamu mapema, mara nyingi akiwa na mwaka na nusu hadi miwili.

3. Mifupa yake hukomaa kwa utaratibu gani?

Kutoka chini kwenda juu. Karibu na ncha za kila mfupa mrefu pana tabaka la gegedu. Hapo ndipo mfupa unaporefukia. Likigeuka mfupa tupu, urefu umekwisha. Ndani ya kwato kazi hiyo huisha mapema mno. Ncha ya chini ya muundi, yaani mfupa ulio chini ya goti, hufunga mwaka wa kwanza au baada yake kidogo. Ncha iliyo juu ya goti la mbele hungoja mpaka miaka miwili au miwili na nusu. Pingili za mgongo, palipo tandiko na mtu, hufunga mwisho, farasi akikaribia miaka mitano au zaidi.

4. Basi, kila anayemzoesha farasi wa miaka miwili anamvunja?

Hapana. Mwanafunzi akiandika hivyo, nampa nusu ya alama, hata kama moyo wake uko mahali pazuri.

Mfupa mchanga unasikia kazi. Ukiguswa na uzito wa kiasi unajijenga, unaongeza unene pale unapobanwa. Ukinyimwa kazi unabaki mwepesi na dhaifu. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Utrecht, Uholanzi, waliwagawa watoto wa farasi 43 katika makundi matatu, tangu kuzaliwa mpaka miezi mitano. Kundi moja lilikaa malishoni na mama zao. La pili lilifungiwa bandani. La tatu lilifungiwa vilevile, ila kila siku lilitolewa kukimbizwa mbio fupi za nguvu. Waliokaa malishoni ndio waliokua vizuri kuliko wote. Kundi la tatu ndilo la kulikumbuka: gegedu lao lilionyesha dalili za kuharibika ambazo hazikwisha walipoachiwa baadaye. Sasa hebu fikirini maisha ya farasi wengi wa mbio: saa ishirini na zaidi ndani ya chumba kimoja, kisha asubuhi shoti ya ghafla. Yanafanana na kundi lipi?

Jibu la kuandika: kosa haliko kwenye umri peke yake. Liko kwenye kumfungia mnyama anayekua, kisha kumdai kasi ambayo mfupa wake haujafundishwa.

5. Eleza maumivu ya muundi.

Huu ni ugonjwa wa farasi wachanga. Uso wa mbele wa mfupa wa muundi, katika miguu ya mbele, huuma, huvimba na kupata joto. Marekani, inakadiriwa kwamba hadi asilimia 70 ya farasi wachanga wa damu ya mbio walio mazoezini huupata. Chanzo chake kilichunguzwa kwa miaka mingi na David Nunamaker wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Kila shoti ya kasi huukunja mfupa kidogo sana. Mfupa unaharakisha kujaza tabaka jipya juu, lakini tabaka lililowekwa kwa haraka ni laini, na wengine hupata ufa hapo hapo.

Nunamaker alionyesha kwamba mbio ndefu za mwendo wa chini, walizozizoea wakufunzi wengi, haziuandai mfupa kwa kasi. Kinachouandaa ni vipande vifupi vya kasi, vinavyoongezwa taratibu, wiki baada ya wiki, na mapumziko katikati. Waliofuata njia hiyo walipunguza maumivu haya. Ninapenda sana sehemu hii ya somo. Mateso mengi ambayo watu waliyaona ni ya kawaida kwa farasi yalikuwa yanaepukika. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza mfupa unajifunzaje.

6. Takwimu za Marekani zinaonyesha farasi wa miaka miwili hufa uwanjani kwa kiwango cha chini kuliko wakubwa. Je, hii inathibitisha kwamba kuanza mapema ni salama?

Takwimu ni za kweli. Kumbukumbu za majeraha zinazowekwa huko zilionyesha, mwaka 2009, vifo 2.00 kwa kila mara 1,000 farasi walipotoka kukimbia. Mwaka 2022 vilikuwa 1.25, na wa miaka miwili wako chini ya wenzao. Tafiti za Australia na New Zealand nazo zimeona kwamba walioanza wakiwa na miaka miwili mara nyingi hukimbia mbio nyingi zaidi maishani.

Lakini simama mwaloni Kalundu asubuhi, uwaulize wavuvi wa ndagala waliorudi kama upepo wa usiku ulikuwa mbaya. Watakaokujibu ni waliorudi. Farasi anayefika uwanjani akiwa na miaka miwili amekwisha kuchujwa: mwenye miguu mizuri ndiye aliyefika. Aliyeumia mazoezini hakuandikwa kwenye mbio yoyote. Kwa hiyo andikeni kwamba ushahidi huu unakataa madai ya kuwa kila anayeanza mapema huharibika, lakini hauwezi kuwasemea wale ambao hawakufika.

7. Taja madhara mengine, mbali na mifupa.

Vidonda vya tumbo, kwa sababu tumbo la farasi limeumbwa kupokea majani mchana kutwa, na yeye hupewa nafaka nyingi kwa mikupuo. Kuvuja damu mapafuni baada ya mbio. Tabia za mnyama aliyechoshwa na kifungo: kuuma mbao na kuvuta hewa, kuyumba kulia na kushoto mlangoni. Na upweke, kwa kuwa farasi ni mnyama wa kundi.

8. Nani huamua aanze lini?

Mara nyingi ni mnada. Kuna minada ambako farasi wa miaka miwili hukimbizwa mbele ya wanunuzi kipande cha mita 200 hivi, na saa inasoma. Mwaka 2006, huko Florida, mmoja aliyeitwa The Green Monkey alikimaliza kwa sekunde 9.8. Alinunuliwa kwa dola milioni 16. Alitoka kukimbia mara tatu tu, na hakushinda hata mara moja.

Mimi sioni sababu yoyote ya afya ya mnyama inayoweza kuutetea mtindo huo. Ni mwanzoni mwa mwaka, wengine hawajatimiza miaka miwili ya kweli, na wanadaiwa kasi ya juu kuliko watakayodaiwa kwa muda mrefu baadaye. Mtahini akiwaomba maoni yenu, toeni, ila yasimame juu ya jibu la 4 na la 5.

9. Wise Child alikuwa nani?

Farasi jike wa Kenya, katika miaka ya 1920, mwenye kano dhaifu za miguu. Mkufunzi wake, Beryl Markham, aliyepata leseni akiwa bado msichana, alisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1942 jinsi jike huyo alivyoshinda mbio za St Leger mjini Nairobi. Wanafunzi huipenda habari hii, nami pia. Lakini msiitumie kama ushahidi kwamba miguu haikuumia, kwa kuwa farasi anaweza kufanya vizuri uwanjani na bado akaumia. Mwaka 2008 Eight Belles, jike wa miaka mitatu, alimaliza wa pili katika Kentucky Derby, na alipokuwa anapunguza mwendo miguu yote miwili ya mbele ikavunjika. Aliuawa pale pale uwanjani ili asiteseke.

10. Swali la vitendo: mkono unatafuta nini kwenye muundi?

Kwanza mwache mnyama atulie kivulini, maana jua la Uvira linatosha kuupasha mguu joto lisilo la ugonjwa. Simama ubavuni mwake, si mbele wala nyuma, na mwongeleshe. Pitisha mgongo wa kiganja kutoka gotini kushuka, mguu mmoja kisha wa pili, ulinganishe joto. Halafu bonyeza kwa vidole uso wa mbele wa mfupa, taratibu, ukitazama masikio na jicho lake wala si vidole vyako. Mnyama mchanga anayeumwa atauvuta mguu kabla hujabonyeza sana. Tutajizoeza kwa ndama Jumamosi. Mje na maji ya kunawa.