Glavu za Kutupa na Kazi Zake



Msimu uliopita mchumaji mmoja alianguka mkarafuuni akapasuka kichwani. Aliyekimbilia kumfunga jeraha alivaa glavu zilizokuwa zimeanikwa nyuma ya banda. Kumbe zilikwisha tumika kupigia dawa ya mchwa, kisha zikafuliwa. Majeruhi alipona, alhamdulillahi, lakini lawama ni yetu: sisi wenyewe ndio tuliosema kikaoni kwamba glavu zifuliwe ili boksi moja lituvushe msimu. Leo twaiondoa kauli ile.

Asili ya glavu hizi yafaa ijulikane. Katika majira ya baridi ya 1889 kuingia 1890, kwenye Hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, muuguzi Caroline Hampton alibabuka mikono kwa maji ya zebaki yaliyotumiwa kuulia vijidudu. Daktari wa upasuaji, William Halsted, akaiomba kampuni ya Goodyear itengeneze glavu nyembamba za mpira. (Mwaka 1890 akamwoa, lakini hiyo ni habari nyingine.) Basi mwanzo wake ulikuwa kuilinda ngozi ya mfanyakazi na dawa, si kumlinda mgonjwa. Zile zilisafishwa na kuvaliwa tena. Za kutupa zilianza kuenea hospitalini katika miaka ya 1960.

Glavu ya kutupa huzuia damu na usaha kwa kazi moja na kwa mtu mmoja. Ikifuliwa na kuanikwa juani hudhoofika, ikafanya vitundu visivyoonekana kwa macho. Dawa ya wadudu nayo yaweza kuipenya hata bila ya kitundu. Ikishaingia ndani, joto na jasho huigandisha ngozini, na mvaaji hana habari. Mwenye mkono mtupu angalau hukimbilia maji.

Kwa kupiga dawa, hapana budi kutumia glavu nene za nitrili, zifikazo karibu na kiwiko, kama yaelezavyo karatasi ya dawa yenyewe. Zioshwe nje kwa sabuni kabla ya kuvuliwa, na zisiguse kazi nyingine yoyote.

Mpira wa asili huwawasha baadhi ya watu, na wachache hata pumzi huwabana. Hao wavae nitrili. Washikao mafuta ya makonyo pia wasiutegemee, kwani mafuta huulainisha.

Kuvua nako kuna namna yake. Finya glavu moja kwa nje, karibu na kifundo cha mkono, uivue ikigeuka ndani nje, uishike kwa mkono uliobaki na glavu. Kisha penyeza kidole kitupu ndani ya ukingo wa glavu ya pili, uiviringishe ikiifunika ile ya kwanza. Usiguse nje yake. Baadaye nawa kwa sabuni. Glavu haikusamehe kunawa.

Zikikosekana, mtu asiachwe akivuja damu. Ikiwa ana fahamu, apewe kitambaa safi kilichokunjwa akandamize mwenyewe, huku gari likitafutwa.

Kila msimamizi wa kambi afike kwetu kuchukua boksi lake kabla ya uchumaji kuanza. Glavu za dawa zitabaki ghalani pamoja na mabomba, na zile zilizofuliwa mwaka jana zirudishwe zote.