Springi na Shokapu za Pikipiki

Simama kando ya barabara ya vumbi, mahali pa salama, utazame pikipiki ikipita juu ya tuta. Gurudumu hupanda na kushuka upesi, lakini dereva hutikisika kidogo tu. Pikipiki nyingi za kubebea abiria zina nguzo mbili fupi upande wa nyuma, moja kila upande wa gurudumu, nazo zimezungushiwa springi. Mafundi huziita shokapu. Katika somo hili tutachunguza kazi yake, na kuona ni lini shokapu ya pikipiki moja inaweza kufungwa kwenye nyingine.

Jaribio la kwanza
Tafuta springi mbili ndogo zinazofanana, kopo tupu, rula, na betri tatu za tochi za aina moja. Tundika springi moja kwenye msumari, uninginize kopo chini yake, kisha pima urefu wa springi. Tia betri moja katika kopo upime tena. Ongeza ya pili, halafu ya tatu. Andika vipimo vyako katika daftari.

Utaona kwamba kila betri huongeza urefu kwa kiasi kilekile. Robert Hooke, mwanasayansi wa Uingereza, alieleza jambo hili katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1678. Springi ikivutwa kupita kiasi, kanuni hii hukoma na springi hairudi tena katika umbo lake.

Sasa tundika springi zote mbili bega kwa bega, zibebe kopo moja kwa pamoja. Betri zilezile zitazivuta nusu tu ya kiasi cha kwanza. Tunasema kuwa springi mbili pamoja ni ngumu maradufu kuliko moja. Springi za shokapu hubonyezwa badala ya kuvutwa, lakini kanuni ni hiyohiyo.

Vuta kopo kidogo kwenda chini, kisha liachie. Je, linasimama mara moja? La, linapanda na kushuka mara nyingi. Springi hailimezi pigo; hulikopa, kisha hulirudisha. Pikipiki yenye springi peke yake ingeendelea kurukaruka hivyo baada ya kila shimo.

Jaribio la pili
Chukua bomba jipya la sindano, lisilofungwa sindano. Vuta maji, kisha yasukume yatoke polepole. Rudia kwa kusukuma upesi. Halafu tumia mafuta ya kupikia badala ya maji. Ni wakati gani kidole chako kilipata kazi kubwa zaidi?

Ndani ya shokapu mna bastola na mafuta. Springi inapobonyea au kunyooka, mafuta hulazimika kupita katika matundu madogo, nayo huukinza mwendo. Kadiri mwendo unavyokuwa wa kasi ndivyo ukinzani unavyoongezeka. Nishati ya mtikiso hugeuka kuwa joto, na ndiyo sababu shokapu hupata moto baada ya safari ndefu katika njia mbovu. Sili ikichakaa mafuta huvuja, na pikipiki huanza kuyumba kama kopo letu.

Kubadilishana vipuri
Pikipiki ya Honda CG125 ilianza kuuzwa mwaka 1976. Baadaye viwanda vingi vya China viliunda pikipiki zenye injini ya muundo huo, na kwa hiyo vipuri kadhaa vya injini huweza kuingiliana. Jambo hili ni la faida kubwa kwa mtu aliye mbali na maduka. Hata hivyo, fundi akisema kwamba shokapu fulani "inaingia", mara nyingi maana yake ni kwamba bolti limepita katika jicho lake. Kuingia si kufaa.

Tuchukue mfano. Shokapu mbili za aina A hubonyea milimita 4 kwa kila kilo 10 zinazozilemea. Zile za aina B hubonyea milimita 2. Aina zote mbili zina nafasi ya kubonyea milimita 55 tu. Dereva akiwa peke yake, tuseme shokapu za nyuma zinalemewa na kilo 60. A zitabonyea milimita 24, na B milimita 12. Akipakia gunia na abiria, mzigo ukafika kilo 150, A zingetaka kubonyea milimita 60. Nafasi hiyo haipo! Chuma kitagonga chuma, na pigo lote litakwenda kwenye fremu na kwenye mgongo wa dereva. B zitabonyea milimita 30 na kubaki na nafasi.

Je, basi B ni bora? Fikiri tena juu ya dereva asiye na mzigo. Gurudumu linapofika kwenye shimo, springi hulisukuma chini ili lifuate ardhi. B zina milimita 12 tu za kunyooka, ilhali A zina 24. Gurudumu lenye B litaelea hewani mapema zaidi, na gurudumu lisilogusa ardhi haliwezi kusimamisha pikipiki hata breki ikikazwa. Zaidi ya hayo, springi ngumu hurudi kwa nguvu zaidi. Ikiwa mafuta na matundu yaliundwa kwa springi laini, ukinzani wake hautatosha.

Baadhi ya watu huzungusha pete yenye ngazi iliyo kwenye shokapu, wakidhani wanaifanya springi kuwa ngumu. Pete hiyo huinua kiti tu. Ugumu wa springi hutokana na unene wa waya, upana wa mizunguko na idadi yake.

Urefu nao una matokeo yake. Shokapu ndefu kupita kawaida huinua upande wa nyuma. Taa ya mbele huelekea chini, usukani huwa mwepesi kupita kiasi katika mwendo wa kasi, na mnyororo hubadilika kukaza kwake, kwa hiyo ni lazima upimwe upya. Fundi mwangalifu hupima kutoka jicho hadi jicho, hulinganisha bushi, na hubadilisha shokapu zote mbili kwa pamoja.

Maswali
1. Kwa nini springi peke yake haitoshi?
2. Shokapu za aina A zitabonyea kiasi gani zikilemewa na kilo 90? Je, zitagonga?
3. Ni mzigo gani mkubwa kabisa ambao A zinaweza kubeba bila kugonga?
4. Fundi amefunga A upande wa kushoto na B upande wa kulia. Eleza yatakayotokea.
5. Mwombe dereva wa bodaboda aizime pikipiki yake, aisimamishe wima na kubonyeza kiti mara moja. Hesabu ni mara ngapi kinapanda na kushuka kabla ya kutulia, kisha tazama kama nguzo za shokapu zina mafuta kwa nje.