Baba Askari, Baba Mkulima: Tuandike Habari Zao



Katika vijiji vya Pemba, kutoka Konde mpaka Mkoani, wapo wazee ambao leo tunawaona na jembe au pakacha, lakini zamani walishika bunduki. Watoto wao wanawapenda na kujivunia. Lakini ukimwuliza mtoto, "Baba yako alipigana wapi? Mwaka gani? Pamoja na nani?" mara nyingi atakujibu, "Mimi najua alikwenda vitani, basi." Habari imekatika hapo.

Wewe umehitimu kisomo. Unajua kusoma barua, kuhesabu kilo za karafuu na kutia sahihi badala ya dole gumba. Leo tunakuomba utumie kalamu yako kwa kazi nyingine. Kusudi la somo hili ni kukusaidia kuandika habari za baba yako, au babu, au mjomba, ambaye alikuwa askari na baadaye akawa mkulima au mvuvi.

VITA VYA KAGERA KWA UFUPI

Kabla ya kumwuliza mzee, yafaa tujue mambo yalivyokwenda.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, yaliingia nchini kwetu. Yaliteka ardhi iliyo kati ya mpaka na Mto Kagera, katika mkoa ambao wakati ule uliitwa Ziwa Magharibi. Raia waliuawa na mali zikaporwa. Mwanzoni mwa Novemba adui alibomoa daraja la Kyaka, ili askari wetu wasivuke mto. Tarehe 2 Novemba 1978 Rais Julius Nyerere aliwatangazia wananchi kwamba Tanzania itapigana.

Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilikuwa na umri wa miaka 14 tu, maana liliundwa tarehe 1 Septemba 1964. Askari wake hawakutosha kwa vita kubwa. Basi wakaitwa pia maelfu ya wanamgambo, yaani wakulima, wafanyakazi na vijana waliokuwa wamepata mafunzo ya kujilinda.

Majeshi yetu yaliikomboa ardhi yetu, na mwezi wa Januari 1979 yakavuka mpaka. Mji wa Masaka ulitekwa mwezi wa Februari. Mwezi wa Machi palikuwa na mapigano makali Lukaya, ambako askari wa Libya walikuja kumsaidia Amin. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979, na wapiganaji wa Uganda waliompinga Amin walikuwa pamoja nasi. Mwanzoni mwa Juni askari wetu walifika mpaka wa Sudan. Amin alikimbia, akafa Saudi Arabia mwaka 2003.

Sasa chukua ramani. Weka kidole juu ya Pemba. Vuka bahari mpaka Bara. Fuata reli kutoka Dar es Salaam mpaka Mwanza. Vuka tena maji, Ziwa Viktoria, mpaka Bukoba. Kutoka Bukoba bado kuna safari ya kufika mtoni Kagera. Kwa kijana aliyezaliwa kisiwani, ambaye safari yake ndefu ilikuwa Wete mpaka Unguja, hiyo ilikuwa njia ndefu sana.

Tufanye hesabu moja. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 alitimiza miaka 60 mwaka 2018. Wenzake waliokuwa na miaka 30 walitimiza 70 mwaka huo huo. Ndiyo kusema, wanaoweza kusimulia vita vile kwa midomo yao wanapungua kila mwaka.

JINA LISIPOANDIKWA

Majina ya wakubwa wa jeshi yanajulikana. Jenerali David Musuguri, kwa mfano, alizaliwa Butiama mwaka 1920, akaingia jeshi la wakoloni mwaka 1942, akaongoza Divisheni ya 20 katika Vita vya Kagera, kisha akawa Mkuu wa Majeshi kutoka 1980 mpaka 1988. Alifariki Oktoba 2024. Habari zake zimo katika magazeti na vitabu. Lakini mwanamgambo aliyebeba sanduku la risasi na kuchimba handaki, nani ameandika habari zake?

Tazama yaliyowapata babu zetu. Katika Vita Kuu ya Kwanza, 1914 mpaka 1918, Waingereza na Wajerumani walipigana katika Afrika Mashariki. Mizigo yao ilibebwa vichwani na Waafrika, na visiwa vyetu navyo vilitoa wapagazi. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa "Carrier Corps". Watu wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Mpaka leo tunakwenda sokoni Kariakoo, Dar es Salaam, tukinunua na kuuza. Jina la mahali limebaki. Majina ya watu wengi waliobeba mizigo ile yamepotea.

Mjini Nairobi ipo sanamu ya kuwakumbuka askari na wapagazi hao. Maneno yake yanaahidi kwamba anayepigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Ahadi hiyo ni nzuri. Lakini mwana atalikumbukaje jina la babu wa babu yake ikiwa halikuandikwa popote? Kichwa cha mtu husahau, karatasi haisahau.

SOMA HABARI HII

Habari ifuatayo tumeitunga kwa ajili ya somo. Tuseme imeandikwa na mama mmoja wa Pemba aliyehitimu kisomo. Isome kwa sauti katika kikundi chenu.

"Baba yangu alikuwa mwanamgambo. Alikwenda vitani mwaka 1978, akiwa na miaka 24. Mama alibaki na mtoto mmoja na tumbo la mwingine. Mtoto wa tumboni ndiye mimi. Mama alipanda mpunga bondeni peke yake, akachuma na karafuu za chini alizozifikia kwa mkono. Kwa hiyo nikiandika vita vya baba, naandika na kazi ya mama.

Nilipokuwa mdogo nilimwona baba mkubwa kuliko watu wote. Watoto wenzangu walisema, 'Baba yako askari!' nami nikatembea kifua mbele. Siku moja nikamwuliza, 'Baba, uliwaua maadui wangapi?' Alikuwa akinoa panga. Hakuinua kichwa. Akasema, 'Mwanangu, niulize nilichimba mahandaki mangapi.' Nikamwuliza. Akasema, 'Hayana hesabu. Ati watu wanadhani vita ni kupiga bunduki. Vita ni kuchimba, kubeba na kungoja. Jembe nililijua kabla ya bunduki, na hilo jembe ndilo lililonirudisha kwa mama yako.'

Wakati ule sikufahamu. Nilitaka kusikia habari za mizinga.

Msimu wa karafuu baba huamka kabla ya alfajiri. Huswali, hunywa chai kavu, huchukua kamba, pakacha na upembo, akenda shamba. Mguu wake mmoja hauna nguvu tangu vita. Hata hivyo hupanda mkarafuu polepole, hujifunga kamba, huvuta tawi kwa upembo bila kulivunja. Hutwambia tawi la mkarafuu ni jepesi kuvunjika, na ukilivunja umeuvunja msimu ujao. Jioni sote hukaa chini kuchambua karafuu na kutenga makonyo. Asubuhi huanika juu ya majamvi. Wingu likitanda, yeye na mguu wake ndiye wa kwanza kukimbilia kuanua.

Baba alikuwa na rafiki kutoka Bara. Walikula sahani moja. Yule hakurudi. Kila Ramadhani, wakati wa futari, baba hutaja jina lake na kumwombea. Sisi watoto tulilizoea jina lile kama tulivyozoea jina la jirani.

Mimi sikupata skuli. Nilisoma chuoni tu, herufi za Kiarabu. Nilipohitimu kisomo, baba aliniletea bahasha kuukuu. Ndani mlikuwa na karatasi yake ya kutoka mgambo. Mchwa walikuwa wameila pembe moja. Akasema, 'Macho yangu yamechoka. Nisomee.' Nikamsomea jina lake, namba yake na tarehe. Akanyamaza. Kisha akasema, 'Basi ni kweli nilikuwako.'

Siku ile nilinunua daftari. Ukurasa wa kwanza nimeandika jina la baba. Ukurasa wa pili nimeandika jina la rafiki yake."

JINSI YA KUIFANYA KAZI HII

1. Nunua daftari la kazi hii peke yake. Usichanganye na hesabu za duka au deni.

2. Chagua wakati mzuri. Usimwendee mzee wakati ana njaa au ametoka shamba amechoka. Mwamkie, kaa naye, saidia kazi aliyonayo mkononi. Mtu husimulia vizuri mikono yake ikiwa na kazi.

3. Anza na mambo madogo. Ulikula nini? Ulilala wapi? Nani alikufundisha kufunga kiatu cha jeshi? Mvua ilikuwaje? Mzee anayeulizwa mambo madogo hufika mwenyewe kwenye makubwa.

4. Usimlazimishe. Yako mambo ya vita ambayo mtu hataki kuyasema, hasa vifo vya wenzake. Akinyamaza, nawe nyamaza. Unaweza kuandika, "Hapa baba hakutaka kusema." Hiyo nayo ni habari.

5. Tafuta miaka kwa kutumia matukio. Mzee anaweza kusahau mwaka, lakini akakumbuka tukio. Mwulize kama jambo lilitokea kabla au baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964, au kifo cha Mzee Abeid Karume tarehe 7 Aprili 1972. Kisha karibia zaidi: msimu wa karafuu ulikuwa mkubwa au mdogo? Mtoto gani alikuwa amezaliwa?

6. Andika na kazi zake za nyumbani. Alipanda mikarafuu mingapi, na lini? Nani alimfundisha kuanika? Mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, na karafuu mbichi kilo 3 zikikauka hubaki karibu kilo 1. Baba aliyepanda mche leo kwa ajili ya mtoto atakayechuma kesho amefanya jambo linalostahili kuandikwa kama vile vita.

7. Mwulize na mama. Askari alipoondoka, nani alilima? Nani aliuguza watoto? Nani alipokea habari njema na mbaya?

8. Msomee ulichoandika. Asahihishe mwenyewe. Usiongeze sifa ambazo hakuzisema. Mzee wa kweli hahitaji kupambwa.

9. Hifadhi karatasi zake. Cheti, kitambulisho, picha na barua zitiwe katika mfuko wa nailoni, kisha katika kopo lenye kifuniko, mbali na mchwa na paa linalovuja. Nakili namba na tarehe katika daftari lako, ili karatasi ikiharibika, maneno yabaki.

KWA NINI TUFANYE HIVI

Kila tarehe 25 Julai taifa letu huadhimisha Siku ya Mashujaa. Kaboya, wilayani Muleba, wamezikwa askari wetu waliokufa katika Vita vya Kagera. Viongozi huweka ngao na mikuki, na gwaride hupita. Ni vyema. Lakini siku hiyo ni moja tu, na mwaka una siku nyingi. Siku nyingine zote shujaa yumo kondeni anapalilia muhogo, na anayemwona ni mtoto wake.

Mtoto ndiye shahidi. Anajua baba huamka saa ngapi, mguu gani unamwuma mvua ikikaribia, jina gani hulitaja wakati wa dua. Mambo hayo hayamo katika kitabu chochote cha serikali. Yakiandikwa, wajukuu watayasoma. Yasipoandikwa, yatazikwa naye.

Kama baba yako yu hai, anza juma hili. Kama ameshatangulia mbele ya haki, waendee wenzake waliobaki.

MANENO YA KUJIFUNZA

Handaki: shimo refu ambamo askari hujificha.
Mwanamgambo: raia aliyepewa mafunzo ya kijeshi ili kulinda nchi.
Upembo: kijiti chenye ncha iliyopinda cha kuvutia matawi.
Makonyo: vikonyo vinavyotengwa na karafuu.
Kuanua: kuondoa kitu kilichoanikwa.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Vita vya Kagera vilianza mwaka gani? Kampala ilitekwa lini?
2. Jina Kariakoo limetoka wapi? Linatufundisha nini?
3. Kwa nini baba alisema, "Niulize nilichimba mahandaki mangapi"?
4. Kwa nini mama huyu alimpa rafiki wa baba yake ukurasa wa pili?
5. Katika kijiji chenu, ni wazee gani waliokuwa askari? Nani kati yenu atakwenda kuzungumza nao?

KAZI YA KUANDIKA

Andika mistari 10 juu ya kazi moja ambayo umemwona baba au mama yako akiifanya tangu utoto wako. Anza na jina lake kamili.