Pesa za Sayansi Skulini na Wajibu Wetu

 Darsa yetu ya leo ni juu ya suala nililoulizwa nilipokuwa mgeni Kimbo, kule bara, kando ya njia kuu ya Nairobi kwenda Thika, ukishapita Ruiru na kabla hujafika Juja. Huko wako ndugu zetu waliotoka pwani kutafuta riziki.

Baada ya sala ya Magharibi alinijia baba mmoja, fundi wa kujenga, akasema: "Sheikh, binti yangu yuko kidato cha tatu katika skuli ya kutwa. Yeye na mwenziwe wamefanya jaribio la kusafisha maji kwa mbegu za mlonge, na wamechaguliwa kwenda kulionyesha katika mashindano ya sayansi ya kaunti. Skuli yasema haina nauli, kwa kuwa pesa za Serikali zimepungua. Nilizonazo mimi ni za kodi ya nyumba. Je, nizitoe, au nimwambie binti akae?"

Waliokuwapo barazani wakagawanyika makundi mawili, na kila kundi likashika neno lake. Kabla ya kuwaamua yapasa tujue asili ya jambo lenyewe.

Tangu mwaka 2018 Serikali ya Kenya iliweka kuwa kila mwanafunzi wa sekondari atolewe shilingi 22,244 kwa mwaka. Ndani yake mna shilingi 1,500 za shughuli zilizo nje ya masomo ya darasani, ambazo michezo, nyimbo na mashindano ya sayansi hugawana; na mna shilingi 200 za kuwafunza walimu wa hesabu na sayansi, kazi iliyoanzwa mwaka 1998 kwa msaada wa Wajapani. Mwezi wa Julai 2025 Waziri wa Hazina, John Mbadi, aliwaambia wabunge kwamba Serikali haimudu kutoa kiasi hicho chote, na kwamba kinachopatikana ni shilingi 16,900. Maneno hayo yakazua mjadala nchi nzima. Ukitoa hesabu, kila mtoto amepungukiwa na shilingi 5,344, karibu robo ya haki yake.

Sasa mwalimu mkuu afanye nini? Mpishi hudai mshahara wake. Umeme usipolipwa hukatwa. Mlinzi asipolipwa huacha lango wazi. Lakini maabara hainung'uniki. Chupa za dawa zikiisha, mlango hufungwa tu, na mwanafunzi husomewa ubaoni jambo alilopasa kulitenda kwa mkono wake. Ndiyo maana sayansi hukatwa mwanzo: kwa sababu haina wa kuisemea, si kwa sababu ina faida ndogo.

Kundi la kwanza barazani lilisema: "Nchi ina madeni. Mashindano haya ni anasa ya kutafuta vikombe. Na waanze kulipa walimu." Neno hili lina ukweli ndani yake. Safari ambayo faida yake ni posho za wakubwa na picha za ukumbusho, ikikatwa hatulii. Lakini jaribio ni somo lenyewe, wala si pambo la somo. Mtihani wa kidato cha nne una karatasi ya vitendo katika kemia, fizikia na bayolojia. Pesa zimepungua, na karatasi ile haikupunguzwa. Basi mtoto wa mwenye mali atanunuliwa mafunzo, na mtoto wa fundi ataishika bureti mara ya kwanza siku ya mtihani. Je, huo ni uadilifu?

Sisi watu wa pwani ndio tunaopaswa kulifahamu hili kuliko wengine. Hakuna nahodha aliyefundishwa bahari juu ya ubao. Na Ibn al-Haytham, mwanachuoni wa Basra aliyeandika kitabu chake cha nuru na macho huko Misri yapata miaka elfu iliyopita, hakuridhika na maneno ya waliomtangulia mpaka ayajaribu kwa mwanga na tundu katika chumba cha giza. Vyaelea, vimeundwa.

Kundi la pili lilisema: "Hii ni kazi ya Serikali. Tumelipa kodi, hatutoi tena hata senti." Hili nalo ni kweli kwa nusu. Kudai ni haki, na kunyamaza ni kosa. Lakini mwaka wa mtoto haungoji bajeti. Wazee wetu walipoona vijana wa Kiislamu wamebaki nyuma katika ufundi, walichanga. Aga Khan alitoa, Sultani wa Unguja alitoa, Mabohora walitoa, na Serikali ya Kiingereza ikatoa. Mwaka 1951 ikaanza kusomesha ile skuli ya ufundi ya Mombasa iliyojulikana kwa jina la MIOME. Leo ndiyo Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa.

Na asije mtu akasema kuwa sayansi yaweza kufundishwa bila pesa, akatoa mfano wa Bruda Peter Tabichi wa skuli ya Keriko, Njoro, aliyepewa tuzo ya mwalimu bora wa dunia huko Dubai mwaka 2019. Ni kweli skuli yake ilikuwa na kompyuta moja tu. Lakini mtu huyo alikuwa akiwapa maskini sehemu kubwa ya mshahara wake. Pesa zilikuwako, zilitoka katika mfuko wa mwalimu. Haifai nchi kuujenga mpango wake juu ya ukarimu wa mtu mmoja.

Basi wajibu wetu ni mitatu. Kwanza, wazazi waulize katika mikutano ya skuli: mgao umefika kiasi gani, na maabara imepata nini? Pili, tumwandikie mbunge wetu, tena kwa hesabu, si kwa matusi. Tatu, kila mtaa uwe na kisanduku kidogo cha nauli na vyombo vya watoto, kiwe na mweka hazina na daftari lililo wazi.

Yule baba nilimjibu: "Kodi ya nyumba ni haki ya mtu, ilipe. Nauli ya binti yako ni deni letu sote." Wakachanga usiku ule ule. Ikapatikana ya kwenda, ya kurudi ikapungua, na mwenye duka akaikamilisha. Mabinti hawakushinda. Lakini waamuzi waliwauliza: dumu moja la maji ya matope lataka mbegu ngapi, na maji yakishatulia bado yafaa kuchemshwa? Waliposhindwa kulijibu la kwanza, walirudi Kimbo wakaanza kupima upya.

Ilimu huanza hapo. Wabillahi ttawfiq.