Kupiga Picha kwa Tundu Kubwa

Wenzangu wengi hupiga picha bwenini jioni, kisha wakiona zimejaa chenga husema kamera ni mbovu. Kamera haina kosa. Yafaa nieleze nifanyavyo mimi.

Mwanga huingia katika kamera ya kidijiti kwa kadiri ya mambo mawili: ukubwa wa tundu la lenzi, na muda ambao mlango wake hubaki wazi. Ile namba ya ISO haiongezi mwanga hata chembe. Hukuza tu kile kidogo kilichoingia, na chenga zake hukuzwa pamoja nacho. Kwa hiyo mimi huweka ISO 100, kisha nikalifungua tundu. (Katika simu nyingi tundu halibadiliki, basi wenye simu watanisamehe.)

Hapa wengi hukanganyikiwa, maana namba ndogo ndiyo tundu kubwa. Tundu la f/1.8 hupitisha mwanga mara 10 hivi ya ule wa f/5.6. Picha ambayo kwa f/5.6 ingetaka ISO 1000, kwa f/1.8 yapatikana kwa ISO 100, muda ukiwa ule ule. Mweke mwenzako karibu na dirisha, aelekeze uso kwenye mwanga. Utaona ngozi imetoka safi, na shati jeupe halikupoteza mikunjo yake.

Lakini tundu kubwa lina deni lake. Sehemu inayoonekana dhahiri huwa nyembamba. Ukilenga jicho, pengine sikio limekwisha ingia ukungu. Kwa uso mmoja ni uzuri. Kwa picha ya darasa zima ni dhuluma: walioketi mbele wataonekana, na wale wa mstari wa nyuma, ambao mama zao pia wataitazama picha hiyo miaka mingi, hawatatambulikana. Hapo rudi f/8, kamera uiweke juu ya miguu mitatu, na watu watulie.

Jua la saa sita nalo lina shida yake. Kwa ISO 100 na f/1.8 lataka muda wa 1/8000 ya sekunde, na kamera nyingi za bei nafuu huishia 1/4000. Nyuso zitaungua ziwe nyeupe. Wapeleke watu kivulini, au punguza tundu.

Mchezaji wa mpira wakati wa magharibi hangoji mtu. Kwake yeye fungua tundu lote, na ISO uipandishe bila haya.