Jeraha Dogo la Kidole

Katika nchi ya Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, mikono ina kazi nyingi. Huvuna mpunga kwa mundu, hupasua matunda ya kakao kwa panga, hupara samaki, hufunga ndoana. Kwa hiyo vidole huumia mara kwa mara, na watu wengi hudharau jeraha dogo. Lakini ugonjwa hauhitaji mlango mpana ili kuingia mwilini.

Adui wa kuogopwa ni pepopunda. Vijidudu vyake hukaa udongoni na katika mavi ya wanyama. Mwaka 1889 Kitasato Shibasaburo, mganga wa Japani, alifaulu kuvikuza peke yake katika mji wa Berlin. Vijidudu hivyo hustawi mahali pasipo hewa. Ndiyo sababu tundu jembamba la mwiba au la ndoana, ingawa halitoi damu nyingi, laweza kuleta hatari kubwa. Mara nyingi ugonjwa huonekana baada ya siku 3 hadi 21: taya hukaza, kisha mwili hukakamaa, na mgonjwa aweza kufa.

Basi, mtu akijikata kidole nyumbani, na yafanyike haya:

Kwanza, msaidizi anawe mikono kwa sabuni. Kama kidole kina pete, ivuliwe kabla hakijavimba.

Pili, jeraha libanwe kwa kitambaa safi muda wa dakika 10 bila kufunuliwa, na mkono uinuliwe juu.

Tatu, damu ikikoma, jeraha lioshwe kwa maji safi yanayomiminwa, na ngozi iliyo kando kwa sabuni.

Nne, lifungwe kwa kitambaa safi kikavu, kibadilishwe kila siku, na kila kilowapo.

Haifai kabisa kutia majivu, udongo, mavi ya ng'ombe wala mafuta ya taa. Ndoana iliyozama isivutwe, maana kijino chake hurarua nyama.

Aende zahanati upesi mwenye jeraha la kina au lenye uchafu, damu isiyokoma, au kidole kisichokunjika au kilichokufa ganzi. Huko ataulizwa habari za chanjo ya pepopunda, kwa kuwa nguvu yake hupungua miaka ipitapo.

Maswali

1. Kwa nini tundu la ndoana lisidharauliwe?
2. Mavi ya ng'ombe huleta hatari gani jerahani?
3. Ni majeraha gani yapelekwe zahanati?