Dawa ya Kuku na Maji ya Isiukhu

Swali: Daktari, nafuga kuku wa mayai karibu na Mto Isiukhu, hapa Kakamega. Kila wiki huwatilia antibiotiki ya poda ya njano kwenye maji ili wasiugue. Jirani analalamika kwamba nauharibu mto. Je, ni kweli?

Jibu: Ana haki ya kulalamika. Ile poda ya njano unayokoroga, oksitetrasaiklini, haiishii tumboni mwa kuku. Sehemu kubwa hutoka na kinyesi ikiwa bado na nguvu, pamoja na bakteria waliokwisha kuizoea. Mvua ya alasiri ikinyesha, yote huteremka mtoni. Isiukhu humwaga maji yake Nzoia, nayo Nzoia huingia Ziwa Viktoria. Si jirani yako peke yake anayeguswa. Baya zaidi, bakteria hupeana vinasaba vya usugu, hata wasipokuwa wa jamii moja. Mtoto akiambukizwa bakteria hao, dawa ya kawaida ya zahanati inaweza kugonga mwamba.

Acha kuwapa dawa kuku wasiougua. Wachanje dhidi ya mdondo (huo ni wa virusi, antibiotiki haiutibu kamwe), badilisha matandazo yakilowa, na muulize daktari wa mifugo kabla ya kununua chochote kwenye agrovet. Kinyesi kirundike mbali na mteremko, ukifunike, kipate joto lake wiki kadhaa kabla ya kwenda shambani. Anayeteka maji mtoni ayachemshe: moto huua bakteria sugu sawa na wengine. Na kuku wakiwa kwenye dawa, mayai yao usiyauze mpaka siku zilizoandikwa kwenye pakiti ziishe.